Bibi Mbeyu Juu ya Ulingo

Kijiji kizima cha Munje kilimjua Bibi Mbeyu kwa sauti. Akicheka kwake, majirani wa mbali huulizana kuna harusi ya nani. Na sauti hiyo, msione ajabu, ndiyo iliyombakisha mjukuu wake shuleni.

Mwaka ule baada ya Uhuru, chifu alitangaza barazani kwamba kusoma ni haki ya kila mtoto, wa kike kwa wa kiume. Bibi Mbeyu alipiga vigelegele mpaka chifu akasahau alichotaka kusema. Kesho yake akampeleka mjukuu wake Chiku kuandikishwa. Lakini mpunga ulipoanza kuiva, Salimu, mwanawe bibi na babake Chiku, akataka binti arudi shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga.

"Mwanangu, haki ya mtoto haingoji mavuno," bibi akamwambia.

"Na ndege je, mama, watangoja? Tutakula haki?"

"Nitaamia mimi. Mpunga ukipungua kuliko wa mwaka jana, mtoe mtoto shule."

Salimu alikubali huku akitabasamu. Magoti ya mamake yalikuwa yakilia hata kwenda kisimani.

Jamani, raha iliyoje! Bibi alipanda ulingo, lile jukwaa la miti la mlinzi wa shamba, akatandaza kamba za makopo shamba zima, moja akaishika mkononi, nyingine akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anatikisika mwili mzima kama yumo ngomani. Ndege walipoyazoea makopo, akawageukia kwa masomo ya Chiku: "A! E! I! O! U! Mbili mara mbili, nne! Tokeni, wajinga nyie!" Wapita njia walikaa chini wakashika mbavu.

Mavuno yakajaa ghalani. Salimu aliyatazama, na Chiku akabaki shule.

Msimu uliofuata, Mishi, mdogo wake Chiku, naye alikuwa ametimiza umri wa shule. Safari hii magoti ya bibi yaligoma kabisa, na moyo ukamuuma. Akajikongoja hadi shambani, akijua atamkuta Mishi juu ya ulingo.

Kabla hajafika akasikia makopo, na sauti nzito ikinguruma: "A! E! I! O! U!"

Alikuwa Salimu, kamba kidoleni.

"Shikamoo, mama," akasema kwa haya. "Mishi yuko shule. Hebu niambie, baada ya U huja nini?"

Bibi Mbeyu alicheka hata ndege wa mashamba ya jirani wakaruka.