Mtoto Niliyemnyonyesha Halazwi Seli

Uvumilivu wangu uliisha siku ya tatu, pale askari wa kaunta alipoishika chupa ya uji wa mtoto kwa vidole viwili, akaunusa, kisha akaumwaga kwenye ndoo ya kupigia deki.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama."

Mtoto mwenyewe wa miezi minane. Alikuwa seli na mama yake, jirani yangu wa mlango wa pili huku mtaani Kisumu Ndogo, Malindi, Mrundi anayeuza njugu sokoni. Karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa zimepitwa na muda, basi wakambeba na mtoto mgongoni. Siku mbili nzima nilikuwa mpole: shikamoo afande, tafadhali afande. Uji ulipomwagwa, na upole wangu ukaenda nao.

"Huyu mtoto amevuka mpaka gani? Kazaliwa hapahapa Malindi, wodi ileile niliyojifungulia mimi! Mna kesi gani naye?"

"Kwani wewe ni nani wake?"

"Mamake."

Wakaangua kicheko. "Mamake si yuko ndani? Ana mama wangapi huyu?"

"Wawili. Na wote wawili mtatutambua."

Sikuwa natania. Jirani yangu alipolazwa kwa malaria, nilimnyonyesha bintiye wiki nzima, ziwa hili wangu, ziwa hili wake. Kwetu pwani hilo halipiti hivihivi. Mwanangu wa kiume na yule msichana ni ndugu wa ziwa moja, na kwa dini yetu hawaoani mpaka kiyama.

Nikatoka moja kwa moja hadi ofisi ya serikali ya maslahi ya watoto. Afisa, mama wa makamo, akanipa fomu. Penye uhusiano na mtoto nikaandika: mama wa kunyonyesha. Akavua miwani.

"Mwanangu, hili nani atalielewa?"

"Mama, kijana wangu hawezi kumuoa huyu mtoto maisha yake yote. Kama huo si undugu, undugu ni upi?"

Akanitazama, akacheka, akachukua mkoba wake. "Haya, twende."

Kituoni alimuuliza mkubwa wao swali moja tu: iko wapi amri ya kumfunga mtoto huyu? Wakapekua faili, wakapekua droo, wakatazamana. Haikuwapo, na mtoto anayenyonya hatolewi bila mamake. Kabla ya adhana ya alasiri jirani yangu alikuwa nje, aende akakae nyumbani na arudi Jumatatu kushughulikia karatasi zake. Alinipa mtoto, akaketi kwenye ngazi, akalia mpaka akaanza kucheka.

"Haya mama, umeshinda," askari wa kaunta akaniambia. "Nenda kapumzike."

"Niende wapi? Barua ya malalamiko bado sijaandika. Nipe kalamu."

Nikaandika nakala mbili palepale juu ya kaunta yake, mtoto kiunoni akinivuta buibui. Askari akazigonga muhuri zote mbili. Yangu ninayo mpaka leo:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi, mama wa kunyonyesha, nalalamika kwamba binti yangu wa miezi minane alifungiwa siku tatu kwa sababu ya karatasi za mtu mzima, na uji wake ukamwagwa mbele yangu. Nataka kujua kwa maandishi ni nani aliyeamuru. Na nataka mtoto yeyote asiingizwe tena seli hii kwa mambo ya uhamiaji, wala asitenganishwe na mzazi wake. Wangojee kesi zao nyumbani. Nitakuja kufuata majibu mwenyewe, na mtoto nitakuja naye."