Magoti ya Daudi, Dereva wa Beni

Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1960. Magoti ya Daudi hayakupata. Alikuwa dereva wa lori la samaki wa chumvi kati ya Beni na Butembo, na miaka ya kukanyaga klachi na kubeba magunia ilikuwa imeyala magoti yake, yakawa yanalia kila alipoinuka. Msikitini akawa anaswali juu ya kiti. Dini inaruhusu, kila mtu alimwambia hivyo, lakini wenzake walipoinama yeye alibaki juu peke yake kama msimamizi wa Kibelgiji, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: kusujudu bila kushikwa mkono.

Muuguzi mmoja wa Mabalako, Manassé, akampa mazoezi.

"Papa Daudi, usikae bure. Kila asubui unapeleka uzito ku muguu moya, pole pole, kisha ku ingine. Unapumua. Akili yako yote inakaa mu goti."

Basi kila alfajiri mzee akawa anayumba uani, macho yamefumbwa, mikono inaelea, na mkewe Nasiba anafunga lango kwa aibu.

Mwaka 1964 waasi wakaingia mjini. Mkubwa wao alichungulia uani, akasadiki papo hapo kwamba hiyo ndiyo dawa ya kugeuza risasi kuwa maji.

"Hapana, ni ya magoti tu!" Daudi akaapa.

Nani humwamini mganga anayekana? Kesho yake kikosi kizima kilikuwa uani kinayumba, bunduki migongoni, kinapumua. Mashujaa wetu hao! Malori ya jeshi la serikali yalipotokea, walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja. Sijapata kuona watu wakikimbia vizuri namna ile. Magoti yao yalikuwa yameiva.

Akabaki mwalimu. Luteni Urbain wa jeshi hilo, aliyeletwa kutoka Kasai, akamwekea bastola kisogoni mbele yetu majirani wote.

"Donc ni weye ulifundisha baasi? Piga magoti!"

Niliogopa, nikataka kugeuka. Daudi akashuka polepole, akipumua, goti moja, kisha la pili, kisha paji la uso likagusa udongo. Hakuna aliyemshika.

"Nasiba!" akaita kutoka pale chini, analia na kucheka. "Kuya uone! Nimefika!"

Luteni alikuwa amepigisha watu magoti njia nzima, na hakuna aliyewahi kufurahi. Akamtazama, akaona mzee mgonjwa tu, akarudisha bastola.

"Simama, papa. Enda kwako."

"Mon lieutenant, tafazali," Daudi akasema, uso bado umo udongoni. "Uniache kwanza hapa."