Cheti cha Daktari Wetu

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa katibu wa kamati ya hospitali ndogo ya kanisa kando ya ziwa, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka Kisumu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Habari za tiba sikuzijua. Kazi yangu ilikuwa kufungua vikao kwa sala na kuandika yaliyosemwa.

Ikaja barua kutoka wilayani. Kila anayemgusa mgonjwa aonyeshe cheti chake, na kamati iandike mbele ya jina lake kazi anazoruhusiwa: nani achome sindano, nani azalishe, nani apasue. Tuliiona kuwa usumbufu wa serikali. Hata hivyo nikachora mistari daftarini, na Jumatatu nikaanza kupita kwa watu.

Manesi walileta vyeti vilivyokunjwa ndani ya Biblia. Mtu wa maabara alileta chake, pembe moja imeliwa na mchwa. Akabaki Daktari. Huyu ndiye aliyepasua tangu mmishonari wetu, aliyekuwa daktari, arudi kwao, na wagonjwa wa ngiri walimjia kutoka Luanda Kotieno na mbali zaidi. Alhamisi ya juma lile alikuwa amempangia mke wangu, amtoe rovu, ule uvimbe wa shingoni. Mke wangu alikuwa amekonda, mikono ikimtetemeka, jasho likimtoka hata asubuhi ya mvua. Tulisema ni hofu ya kisu.

Daktari aliniambia karatasi zake zimo kwenye faili, nikatazame. Nilikuta barua moja tu. Ilikuwa barua ya ushirika, ile tunayompa Mkristo anapohama ili kanisa analokwenda limpokee mezani pa Bwana. Ilisema kwamba ni mwaminifu, halewi, ana mke mmoja, na kwamba huko atokako amemsaidia daktari katika chumba cha upasuaji kwa miaka mingi. Nyuma yake ilibanwa kumbukumbu ya kikao kilichomwajiri: kamati imeiona barua na kuridhika. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda kumtafuta. Alikuwa akipaka poda glavu zilizofuliwa.

"Daktari," nikamwambia, "cheti cha udaktari kiko wapi?"

Aliendelea na glavu ile mpaka vidole vyote vikaisha. "Mwalimu, mimi ni dresa. Nimesomea kufunga vidonda. Siku ya kwanza niliwaambia. Mkacheka, mkasema, tazameni unyenyekevu wa mtu huyu."

Nikakumbuka. Mwenyekiti alikuwa amemsifu, nasi tukapiga makofi. Kwetu mtu aliyejishusha alistahili kupandishwa.

Nilimuuliza mbona alikubali kushika kisu. Akasema mmishonari alipoondoka alikuja mama mwenye uchungu wa siku mbili, na hapakuwa na mwingine wa kumkata. Mama alipona, na mtoto pia. Baada ya huyo hakujua amkatalie nani.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Alhamisi haipo, twende Kisumu.

"Miaka yote unaniambia nisibishane na wakubwa," akasema, "leo unataka nimkimbie daktari?"

"Si daktari, Mama."

Alishika shingo yake. Kisha akaanza kupanga nguo.

Katika hospitali kubwa ya Kisumu daktari mmoja mwanamke alimtazama macho, akamshika mkono, akahesabu mapigo ya moyo kwa muda mrefu. Akauliza ni nani aliyetaka kumpasua juma hilo. Nikasema ni mtu wetu. Akatueleza taratibu, kama anavyoeleza mtu aliyezoea kueleza, kwamba upasuaji wa rovu la namna hii hutanguliwa na vidonge kwa miezi kadhaa. Ukimkata mgonjwa kabla moyo haujatulizwa, moyo huenda mbio usiweze kushikwa, naye hufa siku ile au kesho yake akiwaka homa. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye kiti, kwa sauti, na mke wangu akanivuta mkono nisiwashtue wagonjwa.

Tuliporudi na vidonge, dresa alikuja kumjulia hali. Nilikuwa nimekwisha kuandika daftarini kwamba afunge vidonda tu, naye alikuwa ametia sahihi. Nilimweleza maneno ya Kisumu, nikidhani atafurahi. Alikaa chini, kwenye udongo, ingawa kiti kilikuwepo.

"Homa," akasema. "Yule wa mwaka jana aliwaka homa."

Nilijua anamtaja nani. Mke wa mvuvi mmoja, jirani yetu wa kanisani, alitolewa rovu akafa kesho yake. Mimi ndiye niliyeongoza sala kaburini. Niliwaambia waombolezaji kwamba Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, nao wakaitikia amina.

Mke wangu alituangalia sote wawili. Akasema, "Mume wake bado anadhani ni Mungu peke yake."

Jumapili, baada ya ibada, dresa na mimi tulikwenda kwa mvuvi yule. Alikuwa akishona wavu. Alifurahi kutuona, akamwita dresa Daktari, akatutolea viti. Nilimwomba aweke wavu chini kwanza.