Kadi Mbili Zilizonianika Magogoni

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, ndipo nilipoaibika mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Magogoni, na mpaka sasa nikikumbuka masikio yananiwaka, maana mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimuuliza swali analolijua huangalia viatu mpaka aulizwe mwingine, sasa fikiria mtu wa namna hiyo uso wake ujae kwenye skrini kubwa ya duka iliyogeuziwa barabarani, mdomo wazi.

Kisa ni kadi ya grafiki, ile ya ndani ya kompyuta inayoendesha picha za video. Shangazi yangu Mwanajuma hupiga video za harusi, zile sherehe za wanawake peke yao ambazo wanaume hawaruhusiwi kuziona, kwa hivyo kuzihariri ni kazi yake na yangu (shule zikifungwa), hakuna fundi wa kiume wa kusukumiwa. Wiki ile kadi ya kompyuta yetu ikafa, na binti yake Bi Rukia, bi harusi wetu wa mwisho, alikuwa apande treni stesheni ya Miritini Jumapili alasiri amfuate mumewe, na Bi Rukia alishaapa kwamba mwanawe haondoki bila harusi yake mkononi. Shangazi alikuwa na pesa za kadi moja tu. Tukikosea, hakuna harusi wala hakuna mteja atakayetuita tena.

Dukani kwa Bwana Athumani zilikuwepo mbili za mtumba, bei sawasawa, moja ya GB nane na moja ya GB sita. Mimi nilikuwa nimezisoma habari za kadi kwenye simu likizo nzima, nikajua ya kwetu ni ile ya sita, lakini utasemaje, na Bwana Athumani ni mtu mzima, rafiki ya babangu, na ile ya nane alishaipangusa vumbi kwa kikoi chake?

"Nane na sita, mwanangu, ipi kubwa?" akaniuliza. "Hata chuoni kwa maalimu watoto hufunzwa hilo."

Shangazi akacheka, akafungua pochi. Nikamvuta buibui, nikamnong'oneza zijaribiwe zote mbili kwanza. (Huo ndio uamuzi wangu mdogo, wallahi nilijiona nina akili.)

Bwana Athumani akakubali kwa furaha, akaiunganisha mashine yetu na ile skrini yake ya kuvutia wapita njia, akasema tumwekee video nzito. Sasa za harusi haziwezi kufunguliwa pale, benchi la nje limejaa wanaume, nikatafuta klipu isiyo na mke wa mtu, nikaona moja imeandikwa "jaribio", nikajua ni ile ya paka wetu barazani niliyoijaza maua ya kuanguka na mapambo yote ya harusi, nikaibonyeza.

Haikuwa paka. Ilikuwa mimi, nimejijazia maua yale yale. (Nikibaki peke yangu nyumbani hujirekodi nikihutubia, ndivyo ninavyojifunza kusema, na hakuna aliyejua.) Alhamdulillahi nilikuwa nimejitanda leso, lakini pia nilikuwa nimevaa miwani ya jua ya Shangazi na nimeshika mwiko kama maikrofoni, na ile kadi ya GB nane ikajikokota, ikakatakata, ikagota kabisa juu ya uso wangu, mdomo wazi kama samaki chewa.

"Hiyo ishahang," akasema Musyoka, kijana wa bodaboda, akashuka pikipiki aje kuangalia. Wenzake wakamfuata. "Kwani huyo ni msanii gani?"

"Si ndiye huyu hapa anajificha nyuma ya mamake," mwenzake akajibu, akidhani Shangazi ni mama.

"Shangazi, twende," nikasema.

"Twende wapi, na ya pili hatujaiona?"

Bwana Athumani akazima, akafungua mashine, akachomoa ile kadi, akachomeka ya sita, na muda wote huo watu wanaongezeka, mpaka mama wa viazi karai akaacha mafuta yake motoni. Nikamwomba basi tubadilishe klipu. Akakataa kata kata. "La, mtihani ni mmoja kwa wanafunzi wote, usije ukampendelea wako."

Akabonyeza mwenyewe, na sauti akaipandisha.

Ikatiririka kama maji. Maua yakaanguka moja moja, na mimi kule juu nikapunga mwiko: "Mabibi na mabwana, memori ni ukubwa wa sinia, chipu ndiyo moto. Sinia kubwa haliivishi wali." Watu wakacheka, cheko zuri, nikaanza kupumua, mpaka nikakumbuka kinachofuata.

"Lakini yuko mzee mmoja hapa Magogoni," nikaendelea kule juu, nikatoa tumbo mbele, nikapapasa ndevu nisizokuwa nazo, nikaifanya sauti nzito. "Umuulize kadi, GB nane. Umuulize feni, GB nane. Umuamkie shikamoo, GB nane, mwanangu."

Vichwa vyote vikamgeukia Bwana Athumani. Hata mafuta ya viazi yalisikika. Niliomba stima ipotee, na kwetu stima hupotea bila kuombwa, lakini siku ile ikakaa imara.

"Rudisha nyuma," akasema Bwana Athumani.

"Msamehe, ni mtoto," Shangazi akasema.

"Simwapizi. Nimesema rudisha, hapo penye sinia."

Akasikiliza tena, kichwa kando, kisha akanigeukia. "Kule juu una ulimi kama upanga, hapa chini umeumeza? Hebu nieleze."

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilianza nikiiangalia ndala yangu, nikasema ile ya nane ina nafasi kubwa lakini chipu yake ni ya zamani, haina kile kipande cha kufungulia video za kamera za siku hizi, na tena inakula stima nyingi, kile kiboksi cha kugawa stima ndani ya kompyuta yetu kingeungua, na nilipofika hapo nikagundua sitazami ndala tena, namtazama yeye. Akavaa miwani, akayasoma maboksi yote mawili, taratibu.

"Kweli yuwasema," akamwambia Shangazi, akamsukumia ile ya sita. Kisha akanipungia kidole. "Lakini tumbo umeliongeza."

Nikamwomba radhi, na watu wakacheka mpaka mama wa viazi akakimbilia karai lake.

Magharibi harusi ilikuwa tayari. Nimeapa mambo mawili: kila klipu yangu nitaiandika jina lake kamili, na mzee nikimuigiza tena (Mungu aniepushe), nitamuigiza kwa tumbo lake la kweli.

Jumapili asubuhi Shangazi akanipa flashi niipeleke kwa Bi Rukia. Kawaida nikifika lile benchi huvuka barabara, nikapita kando ya ukuta wa ng'ambo. Siku ile kabla sijavuka wakaniona. "GB nane, mwanangu," wakaitikia kama maulidi. Na Bwana Athumani akatoka dukani na mteja mgeni aliyekumbatia boksi la ile kadi ya GB nane.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mweleze huyu, mimi hanisikii."

Flashi nikaikaza mkononi, sikuvuka. Nikamwambia yule mtu aliweke chini boksi lake kwanza, halafu nikamuuliza kwa sauti, benchi zima lisikie, kadi hiyo anataka kuifanyia kazi gani.