Tangazo Mlangoni mwa Nyumba Iliyohamwa

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, siku niliyoanza kazi katika ofisi ya mambo ya kale hapa Bunia, nilikuwa nikipiga mihuri kwenye matangazo ya uchimbaji. Kanuni ilikuwa hivi: kabla ya kuchimba masalio ya kale katika shamba la mtu, tangazo libandikwe siku thelathini kwenye mlango wake, naye asikie na ajibu. Asipojibu, ukimya wake huhesabiwa kuwa kibali.

Mkuu wa Ofisi alinifundisha kwa ufupi. “Madame, kazi yetu iko musumari na nyundo. Ukishapigilia, sheria imeshasema.”

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa msimamizi wa uchimbaji, tulihitaji shamba moja upande wa Djugu. Wenyewe walikuwa wamekimbia vita. Nilipigilia tangazo kwenye mlango wa nyumba isiyo na paa, nikapiga picha, nikahesabu siku. Utulivu uliporejea kidogo tulichimba, tukatoa vyungu vitatu vilivyofunikwa kifudifudi.

Mwenye shamba, mama mmoja mjane, alipopata habari alikuja ofisini na nakala ya tangazo mkononi.

“Weye njo uliandika hii karatasi?”

“Ndiyo, Mama.”

“Ulisomea nani? Panya? Hata mbuzi tulikimbia nazo!”

Nikafungua dosie, faili la shamba lake.

“Ile vyungu iko alama kwenye vichwa ya makaburi ya wazee wetu. Bila ile, nitajua kaburi ya bwana yangu namna gani? Munirudishie.”

Nilimpelekea Mkuu ombi lake. Hakuinua macho. “Utaratibu ulifuatwa. Funga dosie, Madame.”

Nikaifunga kwa mkono wangu. Mama alitoka bila kuniaga, na hilo nilistahili.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtasifiwa kwa dosie zilizo safi. Yangu ilikuwa safi kabisa. Wiki tatu baada ya kustaafu, nilimpelekea mama yule barua hii:

“Mama, tangazo lile niliandika mimi. Kambi mliyokimbilia ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka mezani pangu, nami nilijua mko pale. Sikuja kwa sababu niliogopa mtakataa. Vyungu vingali depo, ghalani mwa ofisi, rafu ya chini. Mkuu mpya nimemwandikia kwamba ni vya makaburi yenu, na kwamba hamkujulishwa. Akikana, niite, nitasimama mbele yake na kusema hivi hivi, wewe ukisikia.”