Mkate wa Kiapo na Kata ya Samli

Kama ni kucheka, anzeni sasa hivi, maana najua nikifika katikati mtacheka hata nisisikike, na aibu hii nataka niiseme kwa kinywa changu mwenyewe niliyeitenda, kuliko kuwaachia wanawake wa kisimani, ambao kila mwaka wanaitia chumvi mpaka juzi nimesikia ati nilikimbia uchi hadi Mapinga. Uongo mtupu. Sikukimbia uchi. Na Mapinga sikufika.

Ilikuwa kabla Wadachi hawajatweka bendera yao hapa Bagamoyo. Mimi nilikuwa fundi wa kofia, kijana wa miaka thelathini (ndiyo, thelathini bado ni ujana, niacheni), sina mke, na moyo wangu wote uko kwa Mwana Zamu, binti wa jumbe wa mtaa wetu, aliyekuwa ameachwa na mume wa kwanza na ambaye kila asubuhi alinipita barazani kama anapita nguzo. Nilipeleka posa mara mbili. Mara ya pili jumbe alijibu kwamba binti yake hawezi kulishwa uzi na sindano.

Mtu mwenye akili angekubali yaishe. Mimi nikaenda Kiwangwa kwa mganga, akanipa ukucha wa mbuzi mweusi na unga wa mizizi, akaniambia nivifunge katika kitambaa cheusi nivizike kizingitini kwa huyo mwanamke, na akishaviruka mara saba hatalala asinitaje. Kazi ambayo mjinga yeyote angeiweza, isipokuwa fundi wa kofia. Maana kile kitambaa nilishindwa kukifunga fundo kama watu wanavyofunga, mkono ulikataa kabisa, nikakikunja pindo, nikakishona, kisha (msinicheke bado) nikakitia na viua pembeni, vile vitundu vya kudarizi, safi, vimepangana, kama kofia ya kuvaa Idi. Nikangoja Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, mimi nimewaambia nina homa (Mungu anisamehe), nikakizika.

Siku ya tatu jumbe akateguka mguu palepale mlangoni kwake. Siku ya nne akashikwa na homa, na hiyo ilikuwa homa ya kweli, si kama yangu. Siku ya tano kuku akakifukua.

Kelele za siku ile siwezi kuwaelezeni. "Fingo! Jumbe amezikiwa fingo!" Mji mzima ukaja kutazama kifurushi kimewekwa juu ya ungo, hakuna anayethubutu kukigusa, na swali likawa moja tu: ni nani aliyekuwa karibu na mlango ule Ijumaa? Wanaume walikuwa kwenye swala, mimi nilikuwa mgonjwa. Ndipo mwanamke mmoja akakumbuka kumwona Bi Tausi akifagia pale.

Bi Tausi alikuwa mjane wa miaka mingi, nyumba yake inatazamana na ya jumbe, hana mtoto, hana ndugu, na kikongwe asiye na mtu wa kumsemea, mnajua wenyewe, hahitaji kutenda kosa. Mimi, yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu alipokufa alinichukua, akanilisha, akanitia sindano mkononi. Alipoletwa mbele ya ule ungo aliinama, akautazama ule ushonaji kwa muda, kisha akainua macho akanitazama mimi, mara moja tu.

"Sikijui," akasema.

Alikijua. Hapakuwa na mtu mwingine Bagamoyo nzima aliyetia viua namna ile, maana yeye ndiye aliyenifundisha.

Jumbe akatoa amri: kesho, baada ya alasiri, kila ambaye mlango wake unatazama mlango wa jumbe ataula mkate wa kiapo. Mlango wangu ulikuwamo. Mkate wenyewe ni wa unga wa mchele, mkavu, hauna tui wala chumvi, mwalimu anausomea dua, kisha kila mtu anapewa kipande bila maji, asiye na hatia anameza na mwenye hatia unamsakama kooni. Atakayesakamwa atatoka mjini kabla ya jua kuchwa na nyumba yake itabomolewa.

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema, na nilipanga kusema, wallahi nilifika mpaka nusu ya njia kwenda kwa jumbe. Kisha nikaona nyuso za watu, nikaona Mwana Zamu atakavyonitazama, nikarudi. Nikajiambia Bi Tausi hana hatia, basi atameza, Mungu yupo (tazameni ujanja huo, kazi iliyokuwa yangu nikamwachia Mungu). Koo langu mimi nikalitafutia dawa mwenyewe: likiteleza, kitu gani kitasakama? Adhuhuri, tumbo tupu, nikanywa kata nzima ya samli ya ng'ombe, ya moto, nikapangusa midomo nikaenda zangu barazani na kanzu nyeupe.

Jumbe alikuwa amelazwa juu ya kitanda, mguu umefungwa, kilemba kichwani. Nikaitwa wa kwanza. Mkate uliteremka kama hauna habari na mimi. Ningenyamaza hapo! Lakini nikaliona pazia la mlango linatikisika, nikajua Mwana Zamu yuko nyuma yake, nikavimba kifua nikasema, "Mwalimu, niongeze kidogo, mtamu huu." Watu wakacheka. Jumbe akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi (nawaambia kweli) nikajisikia mtu safi.

Kisha Bi Tausi. Alikuwa na meno mawili na hayo hayakutani. Akatia kipande mdomoni, akaanza kutafuna, akatafuna, akatafuna, naye muda wote ananitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Mara akapaliwa, akakohoa, unga ukamtoka mpaka puani, na baraza zima likanguruma.

"Basi," jumbe akasema. "Imebainika. Jua likichwa asionekane."

Hakulia. Alisema tu, "Niruhusuni nichukue mswala wangu."

Neno lile lilinichoma, na wakati huohuo ile samli ikaamka. Tumbo lilinguruma hata aliyekaa kando yangu akageuka. Nikasimama.

"Kaa," mwalimu akasema. "Haondoki mtu kabla ya Fatiha."

Nikakaa. Jasho likanitiririka, nikajibana kwa kila kitu nilichopewa na Mola. Nikamwona Bi Tausi anajikokota kuelekea mlangoni kwake, nikasimama tena, na mpaka leo sijui kilichoniinua mara ile ya pili ni imani au ni tumbo, nami nimejiuliza mara nyingi kuliko mnavyodhani. Nikapiga ukelele: "Ni changu! Kile kifurushi ni changu! Nimekizika mimi, ni dawa ya kumfanya Mwana Zamu anipende!"

Na kwa kupiga ukelele ule, nguvu zote nilizokuwa nimejibania zikatoka na kila kitu. Sisemi zaidi. Kanzu, nimeshawaambieni, ilikuwa nyeupe.

Waliokuwa nyuma yangu walihama wote kwa pamoja. Jumbe akanikazia macho. "Kaa hapohapo ulipo!"

"Kukaa siwezi, Jumbe."

"Hata hivyo bibi huyu mkate umemsakama. Basi mlishirikiana."

Hapo nikaona kwamba aibu niliyoitoa haikutosha, inatakiwa na iliyobaki. Nikasema yote, kata ya samli, adhuhuri, tumbo tupu. "Nimemeza kwa samli, Jumbe. Mkate ule bila samli haumezeki, hata na asiye na hatia. Uonje."

Jumbe alikuwa mtu wa kiburi, na koo lake limekauka kwa homa. Akakinyakua kipande akakitia chote mdomoni. Alitafuna mara tatu, macho yakamtoka, akajishika shingo, kilemba kikaanguka. Hakuna aliyethubutu kumpiga jumbe mgongoni. Aliyekuja mbio na maji, kwa miguu yake ile, ni Bi Tausi. "Kunywa, baba, taratibu, taratibu." Na nyuma ya pazia Mwana Zamu alicheka mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Kiapo kikavunjwa. Bi Tausi akabaki kwake. Mimi nikaamriwa kuchinja mbuzi na kukiosha kile kizingiti kwa mikono yangu mbele ya watu, watoto wakanitungia wimbo (ninyi nyote mnaujua, msijifanye), na Mwana Zamu akaolewa Saadani na mtu asiyejua kushona hata kifungo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bi Tausi, nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, Bibi. Nisamehe. Nilidhani utameza. Nilisahau kuwa huna meno."

"Marahaba," akaitikia, akaendelea kupuliza uji wake. "Meno ya nini, mwanangu? Mkate ule unalainika kwa mate. Ningeumeza mapema sana. Nilikuwa nauzungusha mdomoni, nakungoja wewe. Nikasema, sasa atasema. Nikasema, sasa hivi atasema. Mpaka mate yakanikauka, ukanisakama."

Siku ile nilijiapia, bila mkate na bila mwalimu, kwamba nikiwa na neno la kumwokoa mtu nitalisema kabla hajaanza kunitazama. Bado huwa nachelewa kidogo, nakiri, lakini nikimwona mtu anatafuna taratibu, nasimama.