Anzia Mgongoni

Habari za msiba zilinifikia Ijumaa nikipaka rangi viatu vya kanisani: yule mzee wa Sironga, mkusanyaji wa stempu, ametangulia. Nilisikitika, kisha nikacheka, Mungu anisamehe. Tulijuana posta mjini Nyamira miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nimeshatoa ulimi niirambe stempu, mara nikadakwa mkono. "Wewe bwana, ukiiramba umeiua!" Akanisomesha mbele ya foleni nzima. "Mjinga hutazama picha. Mnunuzi huigeuza atazame mgongo wake kwanza. Gundi ikiwa vile ilivyotoka kiwandani, hiyo ni mali. Ikipata doa, umebaki na kikaratasi." Niliiramba hivyo hivyo, maana nilikuwa na barua ya kutuma, lakini urafiki ukaanzia hapo.

Fahari yake ilikuwa karatasi nzima ya stempu aliyoinunua ujanani, haijachanwa wala kukunjwa. Hamu yake ilikuwa moja tu: kabla hajafa, mjuzi mmoja akiri kwamba haina dosari. Hatimaye akampata mkusanyaji wa Kisumu aliyeahidi kuja. Shida ni kwamba huku kwetu mvua haiji kutembea, imehamia. Kwa kuogopa unyevu, mzee akaifukia karatasi yake ndani ya mkebe wa majani makavu ya chai ya Itumbe, kwa sababu kila mkulima wa chai anajua majani makavu hunyonya unyevu. Yakanyonya kweli, na vumbi lake likaganda kwenye gundi. Tulipofungua, uso uling'aa, mgongo una madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikamshauri bila haya: osha, paka gundi mpya, nani atajua? "Mimi nitajua," akasema. "Na wewe mdomo wako hauna mlango." Mgeni alipofika, hata hajakaa, mzee akaigeuza karatasi mwenyewe. "Anzia hapa." Mgeni akatazama, akatikisa kichwa, akasifu chai aliyoandaliwa, akaenda zake. Mzee aliumia sana.

Sasa mazishini nikasikia kwamba marehemu alikuwa mpole, mkarimu, hajawahi kukasirika. Lo! Mtu aliyenificha sukari kila nilipomtembelea! Nikaona hapa tunampaka gundi mpya. Zamu yangu ilipofika nikasema alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na mtu pekee ninayemjua aliyeonyesha doa lake kabla ya kuulizwa. Mchungaji akakohoa. Ndipo mjane akapaza sauti kutoka kiti cha mbele: "Eee! Huyo ndiye mume wangu. Hao wengine mliokuwa mkiwataja, siwajui!" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi yakageuka ya kweli. Nami nikalia, sifichi.

Nimeshawaambia wanangu: siku yangu ikifika, semeni yote. Mama yenu asikae pale mbele akijiuliza anamzika nani.